Mbao Moja, Mbavu Mbili

Mashimba Luhaga alikufa mchana kweupe, karakanani kwake Mkuyuni, randa ikiwa mkononi. Presha ilimpiga akisawazisha kifuniko cha jeneza la mtu mwingine. Alianguka kwenye maranda, akakoroma kidogo, na teksi ya kumpandisha hospitali ilipopatikana hakuwa tena na haraka. Waombolezaji walipohadithiwa habari hiyo walitikisa vichwa, wakasema amekufa kifo kizuri, kifo cha mchapakazi. Mtu akishakufa, hata namna alivyokufa huingizwa kwenye sifa zake.

Mkewe, Odeta, alikuwa nyumbani Buswelu akichambua mchele uani. Alimwona shemeji yake Ngosha akiingia bila kubisha hodi, miguuni amevaa ndala za rangi mbili tofauti, akajua. Sinia likaanguka, mchele ukaliwa na kuku. Lieleweke mapema, maana huko mbele wapo watakaotaka kumwita mwanamke mwenye roho ya jiwe: Odeta alimlilia mumewe kwa sauti yake yote, akajitupa chini mpaka majirani wakamfunga kanga kiunoni na kumshika mikono. Alimlilia kwa sababu alimpenda, na kwa kweli alikuwa na kila sababu ya kumpenda.

Jioni turubai lilikwishasimama, masufuria ya kukodi yamepangwa, na sifa zimeanza kuingia getini. Baba wa familia. Mwanaume wa watoto wake. Mfanyabiashara asiyejua baa inafunguliwa saa ngapi. Kesho yake Winnie, binti yao aliyekuwa akisoma chuoni Morogoro, aliteremka kwenye basi akiwa na macho yaliyovimba, na kabla hajanawa uso akapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba. Akaingia chumbani alikokuwa mama yake, akapiga magoti pembeni ya godoro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wanataka wasifu wa baba. Nianzie wapi?"

"Anzia alipopunguzwa kazi," Odeta alisema. "Huko nyuma alikuwa kijana tu kama vijana wengine."

Na kweli, Mashimba aliyejulikana na watu alizaliwa siku ile chama cha ushirika cha pamba kilipowakusanya mafundi wake uwanjani na kuwaambia zama zimebadilika. Kwa miaka mingi alikuwa seremala wa chama, akitengeneza bodi za malori, meza za makarani na milango ya maghala. Sasa ilikuwa miaka ya ruksa. Kila mtu ruksa kununua pamba, kila mtu ruksa kuuza, na seremala wa chama ruksa kwenda nyumbani. Wenzake waliopunguzwa pamoja naye walikwenda moja kwa moja kwenye gongo, na baadhi hawakutoka huko mpaka walipotolewa wamebebwa. Mashimba hakuonja. Alifunga sanduku la vifaa nyuma ya baiskeli, akakodi kibanda Mkuyuni, akaanza kuchonga vitanda.

Vitanda havikununuliwa. Wenye fedha walitaka vya chuma, na makochi ya sponji kutoka Dar es Salaam. Wasio na fedha waliendelea kulala chini. Kuku wa jirani walitaga juu ya kitanda cha sita kwa sita, na nyumbani watu walikula ugali kwa mlenda mpaka Winnie, mtoto mdogo bado, akaapa kwamba akiolewa mlenda hautaingia jikoni kwake. Ndipo asubuhi moja akaja mtu wa Misungwi, amezungusha kamba ya katani kiganjani.

"Fundi, nahitaji sanduku," alisema yule mtu. "Kipimo hiki hapa."

Mashimba akaitazama kamba, akakitazama kitanda cha sita kwa sita, akayaondoa mayai akayaweka kando. Kitanda kikavunjwa siku hiyo hiyo.

Wiki haikuisha akaja mwingine. Ilikuwa ile miaka ambayo ugonjwa haukutajwa jina mbele za watu. Walisema tu fulani kakanyaga miwaya, kisha wakatazama pembeni. Wakaondoka wavuvi wa makambi ya visiwani, wakaondoka madereva wa malori, wakaondoka walimu, wakaondoka mabinti waliokuwa wakicheka kwenye vibaraza vya baa. Magari yaliyorudisha maiti Misungwi na Shinyanga yalipita mbele ya kibanda cha Mashimba, na mengi yalisimama. Mji ulikuwa unakufa, naye Mashimba alikuwa anaezeka: mabati ya karakana kwanza, kisha mabati ya nyumba ya Buswelu, vyumba sita na choo cha ndani.

Wala hakuna aliyeweza kusema fedha hiyo ilipotelea njiani. Hakuwa na nyumba ndogo, hakunywa, hakucheza karata. Jua likizama yuko kwake. Akifika hakumgusa mtoto kabla hajanawa kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko na kubadili shati. Yeye mwenyewe alivaa suruali moja ya kaki mpaka ikasahau rangi yake, ila Winnie hakurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada hata siku moja. Odeta alipougua taifodi, akawa mifupa mitupu, mumewe alifunga karakana, msimu wa kazi nyingi vile vile, akakaa kitandani, akakilaza kichwa cha mkewe juu ya magoti yake na kumlisha uji kijiko kwa kijiko. Alimfulia hata nguo zake za ndani. Mwanaume mzima wa Kisukuma, yuko uani na karai, anafua chupi za mke, majirani wakichungulia juu ya ua wa minyaa na kuzibana mbavu kwa kicheko. Hakuwajali. Odeta hakuyasahau magoti yale.

Mezani Mashimba alisali kwa kifupi. "Tunakushukuru Baba kwa kazi ya mikono yetu. Tuzidishie." Watoto walijibu amina. Odeta naye alijibu amina kwa miaka kadhaa kabla hajafikiri ni kitu gani hasa kilichokuwa kikiombwa kizidishwe. Majirani walifikiri mapema zaidi. Walikwepa kumuuliza biashara inaendaje, wasije wakajibiwa kwamba inaendelea vizuri. Na akimtazama mtu kwa muda, mtu huyo huhama benchi akilalamika kwamba fundi anampima.

Walimsingizia. Mashimba hakuwa na haja ya kumpima mtu yeyote, awe hai au amekufa, na hapo ndipo ilipokuwa siri ya utajiri wake mdogo.

Desturi ilikuwa hivi. Ndugu wa marehemu anakwenda mochwari na kamba, anaivuta kutoka utosini hadi kisiginoni, anaikata hapo, anaileta kwa fundi. Haulizwi jina wala ugonjwa. Mashimba aliipokea kamba kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, akatoa pole, akaivuta juu ya benchi kama anayesoma maandiko, kisha akaitundika kwenye msumari ukutani. Akishaitundika hakuitazama tena. Mbao za msonobari zilivushwa kutoka ng'ambo ya ziwa zikiwa na urefu mmoja, naye alizikata zote katikati. Mbao moja, mbavu mbili za jeneza. Mtu mfupi alipata nafasi ya kujigeuza, mtu wa kawaida alienea, na mtu mrefu alikunjwa. Kumpa mrefu haki yake kungetaka mbao mbili badala ya moja, na vipande vinavyobaki ni vya kuchemshia chai. Usukumani warefu si wachache.

"Maiti hamwambii mtu magoti yanamuuma," alimfundisha Antoni, mwanawe wa kwanza, aliyefeli kidato cha nne na kuingizwa karakanani. "Halafu wewe jiulize, wazee wetu kabla ya misheni walizikwa vipi? Walikunjwa, wakafungwa kwenye ngozi ya ng'ombe, kama mtoto tumboni. Huku kulala chali umenyooka kumeletwa. Ukimkunja mtu hujamdhulumu, umemrudisha kwao."

"Na wenyewe wakiona, baba?"

"Waone wapi? Shuka inafunika. Hicho kipande unachokihurumia ndicho ada ya dada yako."

Aliyasema hayo bila kucheka. Pengine aliyaamini. Mtu mwenye watoto shuleni anaweza kuamini mambo mengi sana.

Sasa mama yake Odeta, Bibi Minza, alikuwa mmoja wa hao warefu. Aliishi kijijini karibu na Bujora, katika nyumba ya nyasi ambayo mlango wake ulimtaka ainame, jikoni ainame, kwenye ghala la mtama ainame, mpaka uzeeni mgongo ukazoea, ukabaki huko huko. Hakulalamika. Akiona watoto wanamtazama anavyojikunja kuingia ndani alicheka na kusema, "Mimi nitanyooka kaburini. Subirini mtaona nilivyo mrefu."

Mashimba alimheshimu kama mkwe anavyotakiwa kumheshimu mama mkwe. Hakumpa mkono hata siku moja. Hakula mbele yake. Wakikutana njiani aliingia kwenye majani, akasimama ametazama pembeni mpaka apite. Wazee wa kijiji walimtolea mfano kwa vijana wao waliokuwa wameanza kuwasalimu wakwe zao kwa mikono kama wanaosalimiana kilabuni.

Bibi Minza alipokufa, mwaka ambao pamba ilioza kwenye maghala kwa kukosa mnunuzi, Mashimba alitoa jeneza la velveti ya zambarau na vishikio vya kung'aa, akakodi lori zima la kubeba waombolezaji kutoka mjini. Antoni ndiye aliyeigundisha ile velveti. Kamba ya kipimo aliitoa Odeta mwenyewe: hakupata katani mkononi, akapasua pindo la kanga yake ya kijani. Lori lilipoingia kijijini watu walitoka mashambani kulitazama. Mkwe gani aliwahi kufanya hivyo? Shangazi zake Odeta wakamsukuma mbele ya ukoo ampigie mumewe magoti. Akapiga magoti vumbini, akasema wabeja, asante kwa Kisukuma, na moyo wake ulijaa hata akashindwa kuinuka.

Kisha akaingia ndani kumtazama mama yake mara ya mwisho.

Wanawake walikuwa nje wakiimba. Ndani alikuwepo Mashimba peke yake na nyundo, maana kifuniko kilikataa kukaa. Magoti ya Bibi Minza yalikuwa juu, yameinua shuka, kama mtu aliyeketi kuota moto. Mashimba hakumwona mkewe mlangoni. Aliweka kiganja juu ya magoti ya mkwewe, kiganja kile kile ambacho hakikuwahi kumsalimu, akakandamiza. Hayakwenda. Akaweka viganja viwili, akalala juu yake kwa uzito wote wa mwili, kitu kikalia ndani, magoti yakaenda. Akashusha kifuniko na kupigilia misumari haraka, kabla hayajarudi. Alipogeuka, macho yake yakakutana na ya Odeta.

"Kifuniko kilikuwa kimepinda, Mama Antoni," alisema.

Odeta angesema nini, na magoti yake mwenyewe bado yalikuwa na vumbi la kushukuru? Walimzika Bibi Minza amejikunja, kama alivyoishi, naye binti yake akatupa udongo pamoja na wengine.

Baada ya hapo hakulitaja jambo hilo hata mara moja. Kilichomtesa ni kwamba Mashimba aliendelea kuwa mwema. Angekuwa mlevi, angekuwa mpiga mke, chuki ingepata mahali pa kukaa. Lakini jioni alirudi na mkate na sangara, akauliza miguu inamsumbua au imepoa, akawaombea watoto, na Odeta akawa anamchukia mtu aliyekuwa amemshikia kikombe cha chai. Chuki ya namna hiyo haina pa kutokea. Ilikaa ndani ya mapenzi, ikala humo humo.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka siku ile ya randa na maranda.

Winnie alipomaliza kuuliza na kuandika, Ngosha alisimama mlangoni akasema kamba inahitajika, atakwenda yeye mochwari.

"Hapana, shemeji. Nitakwenda mimi," alisema Odeta. "Nimelala na huyu mtu tangu nikiwa msichana. Najua anapoanzia na anapoishia."

Wanawake waliokaa naye wakafuta machozi kwa maneno hayo. Wakasema huyo ndiye mke.

Mashimba alikuwa mrefu kuliko mama mkwe wake. Pale mochwari alipolazwa, visigino vilikuwa vimevuka ukingo wa meza. Odeta alivuta kamba kutoka utosini hadi kisiginoni kwa haki, hakuilegeza wala hakuikaza, akaikata kwa wembe, akamfunika mumewe uso vizuri kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Kutoka hapo yeye na Ngosha wakashuka Mkuyuni.

Antoni alikuwa ameshapanga mbao. Aliiacha misonobari, akatoa mininga ambayo baba yake aliiweka kwa ajili ya kabati la Winnie atakapoolewa. Aliipokea kamba kwa mikono miwili, kichwa kimeinama kama alivyofundishwa, akaivuta juu ya ubao. Akaivuta tena. Ilipita alama ya katikati, ikapita sana.

"Mama," alisema. "Baba ni mrefu."

"Najua."

"Nikikata katikati haenei. Huyu nimkatie urefu wake, si ndiyo?"

Ngosha alikuwa nje akivuta sigara na dereva. Ndani walikuwa wawili tu, na neno lilikuwa la Odeta. Angesema ndiyo, Mashimba angelala amenyooka kwenye mninga, watu wangemzika na wasifu wake mzuri, mambo yakaishia hapo. Alitazama ukutani. Msumari ulikuwa umejaa kamba mpaka umeinama: katani, nailoni, nyuzi za nyavu kutoka visiwani, mkanda wa gauni la mtu. Katikati yake, kwa chini, ulining'inia utepe wa kanga ya kijani.

"Baba yako alikufundishaje?" aliuliza.

Antoni alianza kuizungusha kamba kiganjani.

"Nakuuliza, Antoni. Alikufundishaje?"

"Mbao moja, mbavu mbili."

"Basi fanya alivyokufundisha. Usimbadilishie kazi yake leo kwa kuwa hayupo."

"Mama, huyu si mteja. Huyu ni baba."

"Na yule alikuwa mama," Odeta alisema, akanyoosha kidole kwenye utepe wa kijani.

Kijana alitazama kidole kinakoelekea. Ilimchukua muda, kisha akakumbuka velveti ya zambarau na gundi kwenye vidole vyake, na uso wake ukabadilika. Alikaa kwenye benchi akalia kama mtoto. Odeta alimngoja. Alipomaliza kulia, Antoni alichukua msumeno akakata katikati.

Odeta alitoka nje kwenye jua akajisikia mwepesi, kama mtu aliyeshiba baada ya njaa ndefu. Alifurahi. Hakuna neno jingine la kulisitiri jambo hilo. Alipanda teksi pamoja na shemeji yake, na njia nzima hadi Buswelu alitazama watu wanavyouza nyanya na mitumba, akaona dunia iko sawa.

Siku ya maziko uwanja ulifurika. Walikuja wafanyabiashara wa Mkuyuni, walikuja waliopunguzwa kazi ambao gongo ilikuwa bado haijawamaliza, na walikuja wengi ambao Mashimba aliwahi kuwatengenezea. Wahudumu wa mochwari walikuwa wamefanya kazi yao, wamemkunja na kumfunika shuka mbili nzito, na waliopita kumuaga waliona uso tu. Winnie alisimama na karatasi yake. Alisoma habari za chama cha ushirika, habari za kibanda na vitanda vilivyotagiwa, habari za karai la kufulia, kisha akafika mwisho. "Baba yetu alijibana," alisoma, "ili sisi tupate nafasi." Watu wakalia. Hata wanaume walitoa vitambaa.

Odeta alikuwa ameketi kwenye mkeka, na maneno hayo yalimchoma bila kumwuliza. Kwa mara ya kwanza tangu karakanani hakuwa na uhakika.

Ndipo akaingia mtani. Alikuwa Mgogo, muuza ngozi wa soko la Mkuyuni, na kwenye msiba wa Msukuma yeyote hapo mtaani yeye ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kusema asichoweza kusema mwingine. Alikuwa amevaa koti la marehemu na kupachika penseli sikioni. Mkononi alikuwa na kamba. Akazunguka akiwapima waombolezaji mmoja mmoja. "Wewe utaenea. Wewe mnene, nitakulaza ubavu. Wewe mama una deni la nani hata unalia hivyo?" Msiba mzima ulicheka, kwa kuwa aliinama na kutoa pole sawasawa na Mashimba, kichwa upande, midomo imebana. Winnie mwenyewe alicheka huku anafuta machozi.

Katekista akaashiria jeneza lifungwe. Vijana wakaweka kifuniko. Kikakaa upande mmoja, upande mwingine kikabaki wazi. Wakakigeuza, kikabaki wazi tena.

"Ngojeni, jamani, ngojeni," mtani alisema, akasogea na kuchungulia. "Huyu mtu mnamwonea. Hajalala huyu. Amechuchumaa. Fundi, unatafuta choo? Si ulijenga cha ndani?"

Kicheko kililipuka, hata katekista aligeuza uso. Mtani alikuwa anatimiza wajibu wake, na hakujua lolote zaidi ya alichokiona. Lakini nyuma, penye wanawake wa Mkuyuni, kicheko hakikufika mwisho. Sauti ya mama mmoja ilisikika, si ya ugomvi wala ya juu, ya mtu anayejisemea.

"Hata mwanangu alikuwa hivi. Tulidhani ni ugonjwa ulimkunja."

"Na kaka yangu," mwingine alisema. "Tulimkalia."

Kicheko kikafa vipande vipande. Watu wakatazamana, kisha wakakitazama kifuniko, kisha wakamtazama Antoni, ambaye alikuwa anatazama chini. Winnie alibaki amesimama na karatasi mkononi, na Odeta aliona binti yake anavyofumbuka macho, sentensi kwa sentensi, kutoka mwisho wa karatasi kurudi mwanzo: nyumba, chuo, sare za shule, soda za Jumapili.

Odeta hakuwa amelifikiria hilo. Alitaka kumkunja mtu mmoja, baina yake na yeye, kama alivyokunjwa mama yake. Hakujua kwamba anawafukulia watu wote makaburi yao.

Aliinuka kwenye mkeka. Wanawake walitaka kumshika, mzee mmoja akasema mwacheni mke amuage mumewe. Akafika kwenye jeneza, akawaambia vijana wainue kifuniko kidogo, akaingiza mkono na kuweka kiganja juu ya magoti ya Mashimba. Kupitia shuka aliyajua papo hapo. Ndiyo yaliyokuwa mto wa kichwa chake wakati wa taifodi, kijiko kikipanda na kushuka. Alikandamiza. Hayakwenda. Nyuma yake mtani alikuwa amevua koti.

"Nisamehe, Baba Antoni," alisema kwa sauti ya chini. Akaweka viganja viwili, akalala juu yake kwa uzito wote wa mwili, akilia sasa kwa kilio ambacho hakuna aliyekisikia tangu msiba uanze, mpaka kitu kikalia ndani na magoti yakaenda.

Kisha akamwambia Antoni apigilie upesi, kabla hayajarudi.